Mwalimu wa Chuo Kikuu na Uamuzi Wake

Litajwapo neno utamaduni, wengi wetu hukumbuka ngoma, ushairi, mavazi na michezo ya jukwaani. Sisi wa Songea hukumbuka lizombe na mganda. Hukumbuka pia Makumbusho ya Vita vya Majimaji, mahali ambapo kila mwezi wa Februari wananchi hukusanyika kuwaenzi wazee wetu walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana mtu mwenye akili timamu atakayeyabeza. Lakini namna taifa linavyowafundisha vijana wake kufikiri ni utamaduni pia, tena ni sehemu yake iliyo nyeti, kwa kuwa humo ndimo huamuliwa kama vijana hao wataiona nchi yao kwa macho yao wenyewe au kwa macho ya kuazima.

Kwa sababu hiyo nataka kuzungumza habari za mwalimu wa chuo kikuu, na hasa jambo moja katika kazi yake lisilozungumzwa sana: uamuzi anaoufanya anapobadili ufundishaji wake ili uwafae wanafunzi walio mbele yake. Nasema uamuzi kwa makusudi. Mwalimu aweza kubadili ufundishaji kwa sababu amechoka, au ameamrishwa, au ameona wenzake wa nchi za nje wakifanya hivyo. Hapo amebadili, lakini hajaamua. Kuamua ni kujua unaacha nini, unashika nini, na kwa sababu gani. Dai langu ni kwamba mwalimu anayekataa kubadilika na mwalimu anayebadilika bila kufikiri ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wameikwepa kazi ya kufikiri, na hasara yao hulipwa na mwanafunzi.

Tuanze na huyo wa kwanza, kwa maana ndiye mwenye sauti kubwa zaidi katika kumbi za vyuo vyetu. Yeye hujiita mlinzi wa kiwango. Ukimwambia kuwa wanafunzi wake mia tatu wamekaa kimya mwaka mzima, wakinakili maneno yake na kuyarudisha siku ya mtihani, hujibu kuwa chuo kikuu si shule ya chekechea. Ukimwambia kuwa mifano yake yote imetoka katika nchi zenye theluji, hujibu kuwa elimu haina mipaka. Ukimwomba afafanue jambo gumu kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, hukunja uso kana kwamba umemwomba avunje sheria. Kwake, kila badiliko ni kushuka.

Na tumwulize mlinzi huyu: mhadhara anaoulinda umetoka wapi? Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kabla ya mitambo ya kupiga chapa, vitabu viliandikwa kwa mkono na bei yake ilikuwa ghali mno. Mwalimu alisimama akasoma kitabu kwa sauti, wanafunzi wakasikiliza na kuandika. Walimu wale waliangalia hali ya mahali pao na uhaba wa vitabu vyao, wakaamua. Basi jambo linalolindwa leo kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni lilikuwa lenyewe badiliko lililofanywa na watu ili kukidhi haja ya wakati wao. Anayewaiga watu hao kwa kweli ni yule anayeitazama hali yake naye akaamua kama walivyoamua wao. Anayerudia walichofanya bila kujua sababu yake amerithi gamba, kiini kimempita.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Upo hapa hapa Ungoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kidogo cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Baada ya miaka michache kilikuwa na idara ya historia, na walimu wa idara hiyo walikabiliwa na swali zito. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilikuwa tukio kubwa sana katika historia ya nchi, lakini maandishi mengi yaliyokuwapo yalikuwa ya watawala na wamisionari, yaani ya upande mmoja wa bunduki. Mwalimu angeweza kuyasoma maandishi hayo mbele ya darasa, wanafunzi wakanakili, mtihani ukafanyika, na kiwango kikahesabiwa kuwa kimelindwa.

Walimu wale waliamua vingine. Mwaka 1968 waliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza waende katika sehemu walikotoka, wakawahoji wazee waliokumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Utafiti huo wa Majimaji uliwafikisha wanafunzi Umatumbi, Ungoni na kwingineko kusini mwa nchi yetu. Kuhusu Ungoni, matunda yake yalitolewa mwaka 1969 katika kitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita hivyo. Na tuhesabu: kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili mwaka 1905 alikuwa na miaka sabini na mitano mwaka 1968. Lau walimu wangesubiri miaka ishirini zaidi ili wapate kibali cha kila mlinzi wa kiwango, wanafunzi wangeyakuta makaburi. Uamuzi wa mwalimu una majira yake kama kilimo. Mbegu iliyocheleweshwa hailaumiwi kwa kutokuota.

Lakini lililo muhimu zaidi ni kuona nini kilibadilishwa na nini hakikuguswa. Mahali pa kujifunzia palibadilika, kutoka ukumbini kwenda barazani kwa wazee. Nafasi ya mwanafunzi ilibadilika, kutoka kuwa mpokeaji akawa mtafutaji. Lugha ya kutafutia maarifa ilibadilika pia, kwa kuwa mzee wa Kingoni hakuhojiwa kwa Kiingereza. Kanuni ya taaluma ya historia haikubadilishwa, nayo ni kwamba ushahidi lazima upimwe. Maneno ya mzee mmoja hulinganishwa na maneno ya mwingine, na ya wote wawili hulinganishwa na maandishi. Mtafiti hujiuliza kama msimulizi anauficha udhaifu wa ukoo wake, au anarudia aliyoyasikia baadaye, au anampendeza kijana msomi aliyekuja na daftari. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kunakili mhadhara, wala haikuwa nyepesi hata kidogo. Basi wanaosema kwamba kubadili ufundishaji ni kuwalegezea wanafunzi, na waje Songea watuonyeshe ulegevu huo uko wapi.

Hapo tumepata kipimo cha kwanza. Kila somo lina kiini na lina ganda. Kiini ni yale ambayo mwanafunzi asipoyapata hawezi kuitwa msomi wa somo hilo: kupima ushahidi katika historia, kuthibitisha katika hesabu, kutambua chanzo cha ugonjwa katika uganga. Ganda ni mifano, mahali, mpangilio, lugha ya kufafanulia na njia ya kuuliza maswali. Mwalimu asiyetofautisha viwili hivyo ama atalilinda ganda kama mboni ya jicho lake, ama atakitupa kiini pamoja na maganda.

Sasa nimgeukie ndugu yake wa pili, anayebadili bila kufikiri. Huyu hupigiwa makofi kwa kuwa anaonekana mwanamapinduzi. Yatupasa tumwogope kama yule wa kwanza, na historia yetu inatuonya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziunganishwe na maisha ya jamii. Kabla ya maandishi hayo, katika nchi hii ya Songea ilikwisha kuwapo shule ya kijiji cha Litowa, chini ya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambako walimu na wanakijiji walikuwa wakishauriana watoto wajifunze nini na shamba liwe sehemu gani ya masomo yao. Pale shamba lilikuwa jambo la kufikiriwa: kwa nini tumelima hivi, tumepata nini, tumekosea wapi. Chama kile kilivunjwa mwaka 1969, na hayo yana historia yake ndefu ambayo si shabaha yangu leo.

Ninalotaka kusema ni lile lililotokea baadaye katika shule nyingi nchini. Agizo lilipofika, jembe lilichukuliwa na fikra ikaachwa. Wanafunzi walilima, lakini mwalimu wa elimu ya viumbe hakufika shambani, wala mwalimu wa hesabu hakuuliza magunia mangapi yamevunwa kwa eka. Katika shule nyingine shamba likawa adhabu ya wachelewaji. Wananchi walipolalamika kuwa elimu ya kujitegemea imegeuka utumwa wa watoto, lawama iliangukia falsafa yenyewe, ilhali kosa lilikuwa la wale waliotekeleza badiliko bila kuamua.

Leo amri nyingine zimefika vyuoni. Mwalimu huambiwa awagawe wanafunzi katika vikundi, atumie mitambo ya kuonyesha picha ukutani, amweke mwanafunzi katikati ya ufundishaji. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini nimeona vikundi ambavyo mwanafunzi mmoja huandika na tisa hungoja majina yao yaorodheshwe. Nimeona maandishi ya kitabu yakihamishiwa ukutani neno kwa neno na mwalimu akiyasoma yeye mwenyewe kwa sauti, kama mtawa wa karne za kati aliyepewa umeme. Baya kuliko yote, nimeona mwalimu ambaye wanafunzi wake wameshindwa sura ngumu ya kitabu, naye akaifuta sura hiyo katika mtihani, akasema amezingatia hali yao. Huko ndiko kushuka kwa kiwango kwa kweli, na hakukuletwa na fikra nyingi, kumeletwa na ukosefu wake.

Mbinga, jirani zetu, wanatupa mfano wa jinsi kazi hiyo ifanywavyo vizuri. Wamatengo wanaishi katika milima yenye miteremko mikali, na kwa vizazi vingi wamelima kwa ngoro. Nyasi hufyekwa zikalazwa kwa mistari inayokatana hata zikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa ukafukiwa juu ya nyasi zile, pakabaki shimo katikati na matuta pande zote, na mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika msimu wa baadaye. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomosha udongo bondeni, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, waliichunguza ngoro kwa makini na kuiheshimu kama elimu.

Tuseme basi mwalimu wa kilimo anafundisha hifadhi ya udongo. Mlinzi wa kiwango atafundisha makinga-maji ya Marekani kwa kuwa ndiyo yaliyomo kitabuni. Mwenye papara ataitaja ngoro, atawasifu wahenga, atapigiwa makofi, na somo litaishia hapo. Mwalimu anayeamua atauliza kwanza: ni nini nataka wakijue? Akiona kuwa kiini ni uhusiano wa mteremko, maji na udongo, atawapeleka wanafunzi katika ngoro ili waupime uhusiano huo. Tena hatawaficha upande wa pili. Kimapokeo mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, lakini kuchimba na kufukia ni mzigo wa mwanamke, nao ni mzito. Njia iliyofaa katika mteremko wa Mbinga huenda isifae katika tambarare za Namtumbo. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo ataiheshimu hekima ya wakulima na pia ataweza kuihoji. Kumnyima uwezo wa kuihoji ni kumdharau mkulima, kwa sababu mkulima mwenyewe aliipata ngoro kwa kujaribu na kuhoji.

Nimesema kuwa lugha ya kufafanulia ni ganda. Najua maneno hayo yatawaudhi watu wa pande mbili, lakini nitayatetea kwa jambo nililolishuhudia. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, mwanafunzi wa kike aliulizwa kwa Kiingereza aeleze jinsi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Alisimama kimya, wenzake wakacheka. Mwalimu alikuwa tayari ameinamisha kalamu kuandika sifuri. Kisha, sijui kwa huruma au kwa udadisi, akamwuliza kwa Kiswahili. Binti yule alieleza kwa dakika nyingi jinsi mama yake alivyokuwa akifukia nyasi, kwa nini tuta la juu huchimbwa kwa uangalifu, na nini hutokea shimo likijaa mchanga. Darasa likanyamaza. Kwa kalamu ile ile iliyokuwa karibu kuandika sifuri, mwalimu aliyanukuu maelezo yake. Naomba msomaji atafakari: ni mabinti wangapi wameandikiwa sifuri kabla swali halijarudiwa?

Historia ya jambo hili yajulikana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985, na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika sehemu kubwa ya vyuo vikuu vyetu. Walioogopa walisema Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Lakini Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Basi kijana anafundishwa sheria kwa lugha moja ili akaitumie kwa lugha nyingine, na anayeligundua jambo hilo ni mshitakiwa kizimbani.

Pamoja na hayo, simwambii mwalimu akitupe Kiingereza dirishani. Vitabu vingi vya taaluma vimeandikwa kwa lugha hiyo, na mwanafunzi asiyeweza kuvisoma amefungiwa mlango. Ninachokipinga ni uficho. Walimu wengi hutumia Kiswahili darasani kwa kuibia, kama mtu alaye mchana wa Ramadhani, kisha hutunga mtihani kana kwamba hawakusema neno. Mwalimu mwenye kuamua atatangaza waziwazi: wazo hili gumu tutalijadili kwanza kwa Kiswahili hata kila mmoja alielewe, kisha tutajifunza kulisoma na kuliandika kwa Kiingereza. Hapo lugha zote mbili zinafanya kazi, na hakuna inayoibiwa.

Watakuwapo wa kuniambia kuwa hayo ni maneno matamu, lakini mwalimu ana wanafunzi mia nne, kipaza sauti kibovu na saa moja tu. Hoja hiyo ni ya haki, nami siitupi. Walakini uamuzi hauhitaji utajiri. Wahitaji maswali matatu ambayo mwalimu aweza kujiuliza hata akiwa njiani kwenda darasani. Kitu gani katika somo hili hakiruhusiwi kubadilika? Wanafunzi hawa wamekwama hasa wapi: katika wazo, katika lugha, au katika mfano? Na nikibadili, nitajuaje kuwa nimefaulu? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mkulima hupanda mbegu mpya katika kipande cha shamba, akangoja, akalinganisha. Mwalimu naye aweza kutoa swali moja fupi mwishoni mwa saa, akasoma majibu ishirini tu kati ya mia nne, akajua kama wamemwelewa au wamemwitikia. Akiona amekosea, na arudi nyuma bila haya. Mwalimu anayekiri mbele ya wanafunzi kuwa njia yake ya jana haikufaa amewafundisha elimu ya kweli kuliko mihadhara kumi.

Lakini mzigo huu tusimtwike mwalimu peke yake. Vyuo vyetu humpandisha cheo mwalimu kwa wingi wa makala alizochapa, na mara nyingi katika majarida ambayo mkulima wa Mbinga hatayaona kamwe. Mwalimu aliyetumia mwaka mzima kuunda upya somo lake hana pa kuliandika jambo hilo ili lihesabiwe. Taifa linalosema kuwa elimu ni ukombozi, kisha likamlipa mwalimu kwa kila kitu isipokuwa kufundisha, linajidanganya. Maamuzi ya walimu yaandikwe, yasomwe na wenzao, yakosolewe, na yathaminiwe kama utafiti, kwa kuwa ni utafiti.

Hapa Songea jambo hili si la mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake mkoani, na miongoni mwa wanaosoma humo wamo watumishi walio kazini, wenye familia, ambao wana mengi ya kumfundisha mwalimu wao endapo atawauliza. Tuna vyuo vya ualimu vya Songea na Matogoro, ambavyo walimu wake wengi wamefundishwa vyuo vikuu, nao huwafundisha vijana watakaokwenda Tunduru, Namtumbo, Nyasa na Mbinga. Kama mwalimu wa chuo kikuu alikariri, mwanafunzi wake atakaririsha, na mtoto wa darasa la tatu kandokando ya Ziwa Nyasa ataimba asichokijua. Na kama mwalimu wa chuo kikuu aliamua kwa kufikiri, huenda mtoto huyo akaulizwa swali ambalo jibu lake analo tayari nyumbani kwao.

Wazee walionyongwa mwaka 1906 hawakupigania haki ya wajukuu wao kunakili. Na wajukuu waliokwenda kuwasikiliza manusura wao mwaka 1968 walitumwa na walimu waliothubutu kuamua. Tunao walimu wenye uwezo huo hata leo. Tuwape nafasi, tuwahoji, na tuwadai sababu za kila wanachokibadili na za kila wanachokataa kukibadili.